Kansa ya Titi: Aliyeugua Amshike Mkono Anayeugua



Mara nyingi kurasa hizi hueleza habari za mishahara, mikataba na ajali za kazini. Safari hii tunataka kueleza jambo linalowahusu hasa mama zetu na dada zetu waliofika umri wa miaka arobaini na hamsini, ambao tunafanya nao kazi kila siku kwenye meza za kuchambulia kahawa na kwenye mistari ya chai. Jambo lenyewe ni kansa ya titi, na hasa namna wanawake wenye ugonjwa huo wanavyoweza kusaidiana wao kwa wao. Wanaume nao wasome. Ugonjwa wa mke ni ugonjwa wa nyumba nzima, na tena kansa ya titi huwapata hata wanaume, kadiri ya mmoja katika kila wagonjwa mia.

Tunasema umri wa miaka arobaini na hamsini kwa sababu maalum. Katika Ulaya wengi wanaopatwa na kansa hii wamekwisha kupita miaka sitini, watoto wamekua na kazi imekaribia kuachwa. Huku Afrika wagonjwa wengi hupimwa wakiwa na umri wa karibu miaka hamsini, au chini ya hapo. Huyo ni mama mwenye watoto shuleni, mwenye mkopo katika kikundi cha akiba, mwenye mkwe na mjukuu pengine, na bado analipwa kwa kadiri ya kilo alizochuma. Akikaa nyumbani siku tatu, nyumba inajua.

Sisi wa Nyamyumba hatukosi kazi za kuchosha mwili. Kandokando ya Ziwa Kivu, upande wa Rubona, kuna kiwanda cha bia ambacho wazee wetu walikikuta tangu miaka ya 1950. Juu milimani kuna kahawa. Wenzetu wengine hupanda mpaka kwenye chai. Maji ya moto ya Rubona tunayo, na wazee huenda kujikanda magoti humo, jambo ambalo halina ubaya. Lakini hospitali ya kutibu kansa hatuna. Mama aliyeona uvimbe huanza katika kituo cha afya, hupewa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya pale Gisenyi, na kutoka hapo aghalabu hutumwa mbali: Kigali, au Butaro, huko wilaya ya Burera juu ya ziwa, ambako kituo cha kutibu kansa kilifunguliwa mwezi wa Julai 2012 na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Inshuti Mu Buzima. Kabla ya hapo, mgonjwa wa kansa wa kijijini alipata shida kubwa ya pa kwenda. Na mashine za kuchoma kansa kwa mionzi zilianza kufanya kazi katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe mwaka 2019. Kabla ya mwaka huo wagonjwa waliohitaji mionzi walipelekwa nje ya nchi.

Kwa hiyo dawa ipo, na madaktari wapo. Ni nini basi kinachowapotezea watu maisha?

Waganga wa Butaro na wa Rwinkwavu, pamoja na wenzao kutoka Marekani, waliwahi kuchunguza swali hilo. Waliwauliza wanawake 144 waliokuwa na kansa ya titi katika hospitali hizo mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Nusu ya wanawake hao walikaa miezi mitano au zaidi tangu walipoona dalili mpaka kwenda kwa mganga. Kisha, baada ya kufika, nusu yao walizungushwa miezi mitano mingine au zaidi kabla ya kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Wanawake watatu katika kila wanne walikuwa na kansa iliyokwisha kukomaa au kusambaa. Waliokwenda kwanza kwa waganga wa kienyeji walichelewa zaidi, na wale ambao hawakusoma sana vivyo hivyo. Na wale waliolazimika kufika katika vituo vya afya mara tano au zaidi ndio waliocheleweshwa zaidi na mfumo wenyewe.

Tafadhali msomaji aitazame vizuri hiyo miezi mitano ya pili. Watu hupenda kusema kwamba wanawake wa vijijini wanachelewa kwa sababu ya ujinga. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba mama alikwenda, akapewa vidonge vya maumivu au dawa ya jipu, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa hana karatasi, akakosa nauli, msimu wa kahawa ukaingia. Uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni. Na kitu kisichouma, kwa mtu anayelipwa kwa siku, husubiri.

Hapa ndipo mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo anapokuwa na faida ambayo daktari hawezi kuwa nayo. Daktari anajua ugonjwa. Yeye anajua njia. Anajua kwamba ni lazima kuomba karatasi ya rufaa iandikwe vizuri na kupigwa muhuri. Anajua kwamba uvimbe hauwezi kutambuliwa kwa kuangaliwa kwa macho tu, bali hukatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Anajua gari la kwenda Musanze linaondoka saa ngapi na mahali pa kulala kabla ya kupanda Butaro. Tena anaweza kusema neno moja ambalo halina mfano katika kinywa cha mtu mwingine: "Mimi nilikatwa, na niko hapa."

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wanakumbuka chama cha ingobyi. Mgonjwa alipozidiwa juu mlimani ambako hapakuwa na barabara, majirani walimbeba kwa machela mabegani mpaka kwa mganga, kwa zamu, na nyumba iliyokataa kutoa mtu wa kubeba ililipishwa faini. Hakuna aliyesema kwamba ingobyi inatibu. Ilimfikisha mtu. Wanawake wenye kansa wanaosaidiana wanafanya kazi ya aina hiyohiyo, isipokuwa safari yenyewe siku hizi si ya siku moja, ni ya miezi na miaka.

Katika nchi nyingine jambo hili lilianza kwa mwanamke mmoja mkaidi. Terese Lasser wa New York alikatwa titi mwaka 1952, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini. Alipozinduka hakuna aliyemweleza namna ya kunyanyua mkono, wala nguo avae vipi, wala nyumbani aseme nini. Alipopata nafuu akaanza kuwatembelea wanawake waliokatwa, kitandani kwao, akiwa na mpira mdogo na kamba kwa ajili ya mazoezi ya mkono, na titi la bandia la kuvaa kwa muda. Baadhi ya madaktari hawakupenda kabisa kuingiliwa. Lakini mwaka 1969 Chama cha Kansa cha Marekani kikaichukua kazi hiyo ikawa yake, na mwaka 1974 ikavuka kwenda Ulaya. Sheria yake ilikuwa nyepesi: anayekwenda kumwona mgonjwa lazima awe yeye mwenyewe alikatwa, na awe amepona vya kutosha kusimama mbele ya mwenzake bila kulia.

Karibu na kwetu, jirani zetu wa Uganda wana chama cha wanawake wenye kansa kilichoanzishwa mwaka 2004 na wanawake waliotibiwa kansa ya titi wenyewe, makao yake Kampala, ambacho hujulikana kwa jina la UWOCASO. Hapa Rwanda Bi Philippa Kibugu-Decuir, ambaye naye aliugua na kutibiwa kansa ya titi, alianzisha shirika la BCIEA linalowaelimisha wanawake juu ya ugonjwa huu. Matembezi yao ya kila mwaka mjini Kigali yanaitwa kwa neno letu la Kiswahili, Ulinzi. Wako pia wanawake wanaofuma matiti ya uzi wa pamba kwa mkono, mepesi, ya kuwekwa ndani ya sidiria. Msidharau kitu hicho. Mama aliyekatwa titi huinamisha bega, huvaa kitenge juu ya kitenge hata jua likiwa kali, huacha kwenda kanisani au msikitini. Kwa uzi kidogo na jioni chache za kufuma mwenzake anaweza kumrudisha katikati ya watu.

Na ikiwa kuna anayedhani kwamba wagonjwa hawawezi kuongozana wenyewe, na atazame nchi yetu ilikotoka. Mwezi wa Januari 1995, miezi michache tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wajane hamsini walianzisha AVEGA. Hawakuwa na ofisi. Walikuwa na jambo moja walilolijua wote. Baadaye, mwaka 2003, watu wenye virusi vya ukimwi walijenga mtandao wao, RRP+, na vituo vya afya vilinufaika kwa kuwa na mgonjwa aliyemfundisha mgonjwa mwenzake kumeza dawa. Twaongeza jambo moja kwa heshima. Mama mwenye miaka hamsini leo alikuwa msichana mwaka 1994. Wako miongoni mwao wasio na mama, wasio na dada, wasio na shangazi wa kuja kukaa nao wakati wa ugonjwa. Mambo ambayo kwa wengine hufanywa na ukoo, kwao lazima yafanywe na wenzao.

Sasa tuseme wazi kikundi kinaweza nini na hakiwezi nini, maana ahadi za uongo zinaua. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani aliandika kwamba wanawake 86 wenye kansa ya titi iliyosambaa walifuatiliwa, na wale waliokutana kila wiki katika kikundi waliishi kwa wastani karibu mara mbili ya wale ambao hawakukutana. Habari ilienea dunia nzima. Watu wakaanza kusema kikundi ni dawa. Lakini mwaka 2001 Wakanada walichapisha uchunguzi mkubwa zaidi, wa wanawake 235, na hawakuona tofauti hata kidogo katika urefu wa maisha. Walichokiona ni hiki: waliokutana walipungukiwa na huzuni na maumivu, hasa wale waliokuwa na mzigo mkubwa wa moyo tangu mwanzo. Sisi tunaiamini habari hii ya pili, kwa kuwa imepimwa vizuri zaidi. Kukutana hakuui kansa. Upasuaji, dawa za mshipani, mionzi na vidonge ndivyo vinavyoitibu. Anayewaambia wanawake wakae wakiimba tu nyumbani bila kwenda Butaro, huyo hawasaidii.

Lakini kuna msaada mwingine usioandikwa katika vipimo hivyo, nao ni kumfanya mtu aimalize tiba yake. Dawa za mshipani hutolewa kwa vipindi, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa. Safari ya kwanza watu wote wanasindikiza. Ya pili anasindikiza mume. Ya nne, mama anakwenda peke yake, nywele zimeisha, mdomo una vidonda, chakula kina ladha ya chuma, na moyoni anajiuliza kama si afadhali kuacha. Mwenzake aliyepita hapo atamwambia kwamba nywele zitarudi, kwamba ladha ya chuma hupungua ukila kitu baridi, na kwamba homa katikati ya vipindi si ya kungoja asubuhi, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, kwa maana dawa hupunguza askari wa mwili. Hayo yote muuguzi aliyasema. Lakini aliyasema siku ambayo mama hakusikia kitu baada ya neno kansa.

Tukae kidogo juu ya mkono, kwa kuwa sisi ni watu wa kazi ya mikono.

Daktari anapokata titi, mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani ili kuona kama ugonjwa umefika huko. Tezi hizo ndizo zinazosaidia kurudisha maji ya mwili kutoka mkononi. Zikipungua, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, mara nyingine baada ya miezi, mara nyingine baada ya miaka. Dalili ya kwanza si uvimbe wa kuonekana. Ni mkono kuwa mzito, pete kubana, mkono wa blauzi kugoma kupanda. Akiona hayo mama asingoje. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, hiyo ni hatari nyingine, ni vijidudu vimeingia, na dawa yake ni ya siku hiyohiyo.

Zamani wanawake waliambiwa wasibebe kitu tena kwa mkono huo maisha yao yote. Kwa mchuma chai neno hilo lilikuwa sawa na kufukuzwa kazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kuvimba mkono, wakizoezwa kunyanyua uzito kidogo kidogo chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi. Wengine walipata nguvu na nafuu. Basi mambo ni ya kiasi. Baada ya kidonda kupona na muuguzi kukubali, mama huanza kwa kupandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo ya jana, na kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti ya mlango, mkono mzima ukiuvuta ule mgonjwa. Akirudi kazini aanze na kikapu kisichojaa, mkanda ukae upande usiokatwa, na avae glavu au soksi iliyokatwa vidole ili miti ya chai isimchanje. Mikwaruzo ioshwe kwa sabuni mara moja. Mwenye kubeba kreti za chupa asianze na kreti. Mambo haya mwanamke anayachukua vizuri zaidi kwa mwenzake anayechuma chai kuliko katika karatasi ya hospitali, kwa kuwa mwenye karatasi hajui kikapu kina uzito gani saa nane mchana.

Vidole pia. Dawa nyingine za kansa huacha ganzi katika ncha za vidole, ya majuma au hata miezi. Mchambuaji wa kahawa anaijua punje mbovu kwa kidole kabla ya jicho. Akirudi mezani na vidole vyenye ganzi, kazi yake itakuwa polepole, na msimamizi asiyejua atadhani amekuwa mvivu. Wenzake wa meza wakijua, watamweka mahali pa kuangalia kwa macho mpaka vidole virudi.

Juu ya mambo ya kitandani tutasema kwa ufupi, ingawa wanawake wenyewe wakikutana hawayasemi kwa ufupi hata kidogo. Dawa za kansa zaweza kukatisha hedhi mapema, mama akapata joto la ghafula, ukavu na kukosa usingizi. Mume naye huogopa kugusa kovu, mke akadhani amechukiwa. Kansa haiambukizi, si kwa sahani, si kwa kitanda. Wanaume waambiwe na wanaume wenzao waliopita hapo. Hilo nalo ni kusaidiana, na sisi wanaume wa tawi tumechelewa kulifanya.

Kuna onyo moja ambalo kila kikundi lazima kilishike. Kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Nyingine hulishwa na homoni za kike, na hiyo hutibiwa pamoja na kidonge kama tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nyingine hailishwi na homoni, na kidonge hicho hakiifai kitu. Maabara ndiyo inayotofautisha. Kwa hiyo dada mmoja asimpe mwenzake vidonge vyake, wala asimwambie "mimi sikuchomwa mionzi, nawe usikubali." Anayemeza tamoksifeni naye huchoka: haumwi, halazwi, na kila siku kidonge kinamkumbusha na kumpa joto. Wengi huacha hapo kimyakimya. Kikundi kinachoulizana kila mwezi "vidonge vimebaki vingapi?" kimefanya kazi kubwa kuliko hotuba.

Na wako ambao ugonjwa umekwisha kusambaa. Katika vikundi vingi hao hukaa pembeni, kwa sababu kila mtu anasimulia namna alivyoshinda. Hilo ni kosa. Mama huyo anahitaji wenzake kuliko wote, na ana haki ya kupewa dawa ya maumivu ya kutosha, hata morfini. Nchi yetu ilikuwa na siasa ya taifa ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo tangu mwaka 2011. Kikundi kiamue mapema, wakati wote ni wazima, kitafanya nini mmoja wao atakapofariki: nani atakwenda matangani, nani atakaa na watoto, na mkutano wa mwezi unaofuata utakuwaje. Vikundi visivyozungumza jambo hilo huvunjika siku ya msiba wa kwanza.

Tuje kwenye kazi na chama. Sheria ya kazi ya Rwanda, Nambari 66 ya mwaka 2018, inatambua likizo ya ugonjwa inayothibitishwa na daktari. Mfanyakazi asiache kazi kwa hofu kabla ya kumwona mjumbe wake, wala asikubali kuandika barua ya kuacha kazi "kwa hiari" kwa kuwa tu amepangiwa matibabu. Kila karatasi ya hospitali itunzwe, hata ya kupangiwa siku. Vibarua wa msimu ndio wenye shida kubwa, kwa sababu siku ya kwenda Butaro ni siku isiyo na malipo, na hakuna anayewakatia likizo. Kwao chama lazima kidai katika makubaliano na waajiri angalau jambo moja: mtu aliyekwenda hospitali kwa karatasi arudi akute nafasi yake mezani. Mituweli nayo ilipanuliwa. Mwezi wa Januari 2025 serikali ilitangaza huduma mpya zitakazolipiwa, matibabu ya kansa yakiwa miongoni mwake. Lakini mituweli hailipi nauli ya pikipiki mpaka Gisenyi na ya gari mpaka Musanze na zaidi, wala chakula cha msindikizaji. Nauli hiyo ndiyo kikundi cha akiba kinaweza kuibeba. Franga chache kila juma, katika sanduku la peke yake lisilochanganywa na mikopo, zinatosha kumpeleka mtu mmoja.

Kwa Nyamyumba tunaona hivi. Kikundi kisianze na katiba na mwenyekiti. Kianze na wanawake wawili au watatu waliotibiwa, ambao wako tayari kutembelewa. Washauri wa afya wa kila mudugudu na muuguzi wa kituo cha afya waambiwe kwamba wapo, ili mama anayeondoka na karatasi ya rufaa aulizwe: je, unataka kuzungumza na mtu aliyekwenda? Akikataa, aachwe, wengine hukubali baada ya mwezi. Mahali pa kukutana pasiwe ofisi ya tawi, kwa kuwa kila anayeonekana akiingia humo ataulizwa maswali. Ukumbi wa kanisa, nyumba ya mmoja wao, au chini ya mti karibu na ziwa panatosha. Siku iwe baada ya malipo, si kabla yake. Msimu wa kahawa, mwezi wa Machi mpaka Juni, wakutane jioni, kwa maana asubuhi hakuna atakayekuja.

Majina ya wagonjwa yasiandikwe katika kitabu cha chama. Atakayeyahifadhi ni mwanamke waliyemchagua wao, na mjumbe wa tawi ataambiwa tu idadi ya watu wanaohitaji nauli na ya wanaohitaji kazi nyepesi. Mwenye kutaka mjumbe amtetee mbele ya mwajiri atakuja mwenyewe, na karatasi zake mkononi.

Na kwa mama ambaye leo, anaposoma haya au anaposomewa, anajua kwamba kuna kitu katika titi lake: uvimbe mgumu, ngozi iliyoingia ndani au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu, uvimbe kwapani. Wengi wa wenye uvimbe hawana kansa. Nenda kituo cha afya juma hili. Ukipewa dawa na uvimbe usiondoke, rudi baada ya wiki mbili, na urudi na mtu. Ukiambiwa mara ya tatu kwamba si kitu, omba karatasi ya kwenda Gisenyi, na kama huna wa kwenda naye mwambie mjumbe wa kike wa sehemu yako ya kazi, naye atakutafutia.